Meddie Kagere na Miaka Minne Isiyo na Taifa

Mwanzoni mwa Agosti 2014 timu yetu ya taifa, Amavubi, iliitoa Kongo-Brazzaville mjini Kigali kwa mikwaju ya penalti. Mkondo wa kwanza tulikuwa tumefungwa 2-0 ugenini, tukarudisha mabao yote mawili nyumbani, kisha tukashinda penalti 4-3. Nafasi ya kuingia hatua ya makundi ya kufuzu Kombe la Mataifa ya Afrika la 2015 ilikuwa yetu. Furaha hiyo haikudumu hata mwezi. Shirikisho la soka la Afrika, CAF, liliiondoa Rwanda mashindanoni na kuirudisha Kongo-Brazzaville, kwa sababu mshambuliaji wetu mmoja alikuwa na utambulisho wa aina mbili. Kwenye Amavubi aliitwa Dady Birori, aliyezaliwa Desemba 1986. Kwenye klabu yake ya AS Vita ya Kinshasa aliitwa Etekiama Agiti Taddy, aliyezaliwa Desemba 1990.

Insha hii haimhusu Birori. Inamhusu mshambuliaji mwingine, Meddie Kagere, ambaye hakushtakiwa kwa lolote katika kesi ile na bado alilipa gharama yake. Baada ya adhabu ya CAF, wakuu wa michezo nchini waliamua kwamba Amavubi iachane na wachezaji wenye asili ya nje waliopewa uraia. Kagere, aliyezaliwa Uganda mwaka 1986, akaachwa. Hakuitwa tena mpaka 2018. Hoja yangu ni kwamba miaka hiyo minne inatufundisha jambo kuhusu namna ya kuandika historia ya mpira katika ukanda wetu. Tukimfuata Kagere kwa kutumia orodha za timu ya taifa, tutamkuta mchezaji wa kawaida mwenye pengo kubwa katikati. Tukimfuata kwa kutumia barabara za klabu, kutoka Huye hadi Nairobi, Dar es Salaam, Singida na Ruangwa, tutamkuta mmoja wa washambuliaji waliodumu na kufunga zaidi katika Afrika Mashariki ya kizazi chake.

Kabla ya kumfuata huko, ni lazima nieleze kwa nini kesi ya majina mawili haikumshangaza sana mtu wa Gisenyi. Mji wetu umepakana na Goma kiasi kwamba mgeni asiyeambiwa hajui mji mmoja unaishia wapi na mwingine unaanzia wapi. Kila asubuhi maelfu ya watu wanavuka pale Petite Barrière na mabeseni ya nyanya, maziwa, viazi na vitunguu, na jioni wanarudi. Familia nyingi zina ndugu pande zote mbili. Mtu anaweza kubatizwa upande mmoja, kusoma upande mwingine, na kila karani akaandika jina lake kama alivyolisikia. Upande wa Kongo, majina yenyewe yaliwahi kubadilishwa na serikali: mwaka 1972 Mobutu aliwaagiza raia wa Zaire waache majina ya Kikristo na kuchukua ya asili. Mwaka 1981 sheria ya uraia ya Zaire ilibadilishwa kwa namna iliyowaacha wasemaji wengi wa Kinyarwanda wa Kivu bila uhakika wa kuwa raia wa nchi waliyozaliwa. Mtoto aliyekulia katika nyumba ya aina hiyo anajifunza mapema kwamba karatasi na mtu ni vitu viwili.

Sisemi haya ili kutetea udanganyifu. Miaka minne kati ya 1986 na 1990 si kosa la karani, na kanuni za mashindano zinavunjwa mchezaji anapotumia pasipoti mbili zenye tarehe mbili. Ila yafaa tutenganishe mambo mawili ambayo mwaka 2014 yalichanganywa. La kwanza ni mtu kuwa na utambulisho wa uongo. La pili ni mtu kuzaliwa nchi moja na kuchezea nyingine kihalali. Katiba ya Rwanda ya 2003 inaruhusu uraia wa nchi mbili, na kuna sababu ya kihistoria: maelfu ya familia zilizokimbia kuanzia 1959 zilirudi baada ya 1994 zikiwa na watoto waliozaliwa Uganda, Burundi, Tanzania na Kongo. Nchi ambayo sehemu kubwa ya watu wake imezaliwa nje haiwezi kutumia hospitali ya kuzaliwa kama kipimo cha nani ni wake. Katiba ya Kongo ya 2006, kwa upande wake, inasema uraia wa Kongo ni mmoja na hauchanganywi na mwingine. Kwa hiyo mchezaji anayeishi kati ya Kinshasa na Kigali anaishi kati ya sheria mbili zinazokinzana, na huenda majina mawili yanamea hapo. Kagere hakuwa katika hali hiyo. Adhabu aliyoipata ilitokana na sera ya michezo, wala si na sheria ya uraia.

Turudi nyuma kidogo. Kagere aliingia katika soka la Rwanda kwa mlango wa kawaida wa wachezaji wa kipato cha chini, yaani klabu moja baada ya nyingine. Alichezea Mukura ya Huye, akachezea Police ya Kigali, na baadaye Rayon Sports. Kwa msomaji asiyelijua soka letu, klabu hizi hazifanani. Police ni klabu ya taasisi, kama APR ya jeshi au Marines tunayoiona hapa Rubavu: mshahara unatoka kwa mwajiri anayejulikana, na mashabiki si wengi. Rayon ni klabu ya umma, yenye mashabiki kila kona ya nchi na matatizo ya fedha karibu kila msimu. Mchezaji anayepita katika aina zote mbili anajifunza kucheza mbele ya viti vitupu na mbele ya umati unaodai. Nadhani hilo lilimsaidia baadaye, ingawa ni maoni yangu.

Timu ya taifa ilimwona mapema. Desemba 2011 Rwanda ilifika fainali ya Kombe la Chalenji la CECAFA jijini Dar es Salaam, Kagere akiwa katika kikosi hicho, na mpinzani alikuwa Uganda, nchi aliyozaliwa. Mechi iliisha sare ya 2-2 na Uganda ikashinda kwa penalti. Mtu anayetaka kujua Kagere alikuwa wa nani kabla ya 2014 na aanzie hapo: alisimama dhidi ya nchi aliyozaliwa, katika fainali, akiwa amevaa jezi yetu.

Hapa kuna jambo la kikanuni ambalo watu wengi hulisahau, na kwangu ndilo kiini cha yote. Kwa kanuni za FIFA za wakati ule, mchezaji mkubwa akishaichezea nchi moja katika mechi rasmi za mashindano, hawezi kuhamia nyingine. Kagere alikuwa ameshaichezea Rwanda mechi za aina hiyo. Kwa hiyo Rwanda ilipomwacha, haikumwachia aende Uganda wala kwingine. Ilimwacha akiwa bado amefungwa kwake. Tangu umri wa miaka 27 hadi 31, umri ambao mshambuliaji huwa amekomaa akili na bado ana miguu, hakuwa na timu ya taifa yoyote duniani ambayo angeweza kuichezea.

Alichofanya ni kuondoka. Alipita Albania, kwenye klabu ya Tirana, kwa muda mfupi usiohitaji maelezo mengi. Wachezaji wengi wa kwetu wamewahi kujaribu ligi ndogo za Ulaya wakarudi kimyakimya. Kilichobadilisha maisha yake ni Nairobi.

Gor Mahia ilimchukua mwaka 2015. Klabu hiyo ilikuwa katika msimu wa ajabu: chini ya kocha Frank Nuttall ilitwaa ubingwa wa Kenya bila kupoteza mchezo hata mmoja, na kijana Michael Olunga ndiye aliyekuwa akizungumzwa na kila mtu. Mwaka huo Gor walifika fainali ya Kombe la Kagame jijini Dar es Salaam, wakafungwa 2-0 na Azam. Olunga aliondoka kwenda Ulaya, na kati ya miaka iliyofuata hadi 2018 Kagere akawa jina linalotegemewa na mashabiki wa K'Ogalo. Na tazama kejeli iliyopo: magazeti na watangazaji wa Kenya walimwita kila wiki "Mnyarwanda Meddie Kagere". Katika miaka ileile ambayo Kigali ilikuwa imemtoa katika hesabu za Wanyarwanda wa mpira, Nairobi ilikuwa ikimtambulisha kwa utaifa huo, na hakuna aliyeona ajabu.

Hakuwa peke yake huko. Kuanzia 2016 alichezea Gor Mahia pamoja na Jacques Tuyisenge, mtoto wa Gisenyi aliyeanzia Etincelles. (Etincelles ni neno la Kifaransa lenye maana ya cheche. Klabu yenyewe kwa miaka mingi imekuwa ikitoa cheche zinazokwenda kuwaka mahali pengine.) Julai 2017, Everton ya Uingereza ilipokuja Dar es Salaam kucheza na Gor Mahia, Wayne Rooney alifunga kwanza katika mechi yake ya kurejea klabuni, na Tuyisenge akasawazisha kabla ya Everton kushinda 2-1. Kwa siku chache Gisenyi nzima ilikuwa na ndugu wa Tuyisenge. Tofauti kati ya wawili hao ni kwamba Tuyisenge, kila mechi za taifa zilipofika, alifunga begi na kwenda Kigali. Kagere alibaki Nairobi na kufanya mazoezi. Walikuwa wakicheza ligi moja, klabu moja, mara nyingi safu moja ya mbele.

Hata mashindano yaliyokuja mlangoni kwetu hayakuwa yake. Januari 2016 Rwanda iliandaa CHAN, na Uwanja wa Umuganda hapa Rubavu ukapokea kundi la Zambia, Mali, Uganda na Zimbabwe. Kwa haki, hilo lisiwekwe kwenye deni la sera ya 2014, kwa kuwa CHAN ni ya wachezaji wanaocheza ligi za nchi zao tu, na yeye alikuwa mchezaji wa nje. Rwanda ilitolewa robo fainali na Kongo 2-1 baada ya muda wa nyongeza, na Kongo wakaenda kuchukua kombe. Lakini katika michuano ya kufuzu Kombe la Mataifa, ambako angeweza kucheza, Rwanda ilishindwa 2015 kwa adhabu na 2017 uwanjani. Sidai kwamba angetupeleka. Mshambuliaji mmoja hapeleki nchi popote ikiwa hakuna anayempa mpira. Nasema tu kwamba nchi yenye uhaba wa mabao ilikuwa na mfungaji na haikumtumia.

Yafaa pia kueleza fedha zilitoka wapi, maana taaluma ndefu haiendeshwi na moyo peke yake. Miaka ile kampuni ya kubashiri ya SportPesa ilikuwa imemwaga udhamini Kenya na Tanzania kwa wakati mmoja: Gor Mahia na AFC Leopards huku, Simba na Yanga kule. Ilianzisha pia mashindano ya kuzikutanisha klabu hizo, na mshindi alipata kucheza na Everton. Mashindano hayo yaligeuka kuwa dirisha la duka. Juni 2018, mjini Nakuru, Gor Mahia iliifunga Simba 2-0 katika fainali, mabao ya Kagere na Tuyisenge. Muda si mrefu Simba ilimsajili Kagere. Kwa maneno mengine, alifunga bao lililokuwa pia barua yake ya maombi ya kazi. Gor walikwenda Liverpool mwezi Novemba kucheza na Everton bila yeye, wakafungwa 4-0. Mwaka uliofuata kampuni hiyo iliondoa udhamini wake Kenya ilipogombana na serikali, na klabu zikabaki zikihangaika na mishahara. Kagere alikuwa ameshavuka mpaka.

Hilo la kuvuka mpaka kwa wakati unaofaa linaonekana mara nyingi katika safari yake, na linamfanya afanane na wachuuzi wetu wa Petite Barrière kuliko na nyota wa Ulaya. Mwezi Mei 2018, bado akiwa Gor, alikuwa katika kundi la Kombe la Shirikisho lililokuwa na Rayon Sports, Yanga na USM Alger. Klabu tatu za jumuiya yetu katika kundi moja la timu nne! Klabu yake ya zamani upande mmoja, watani wa klabu yake ijayo upande mwingine. Ramani ya soka ya ukanda huu ilikuwa imeshakuwa moja, wakati kanuni za nani aitwe wapi zikiwa bado tano au sita.

Alipotua Dar es Salaam alimkuta Haruna Niyonzima, naye mzaliwa wa Gisenyi na zao la Etincelles, aliyekuwa ametoka Yanga kuja Simba mwaka 2017. Alikuwepo Emmanuel Okwi kutoka Uganda, Clatous Chama kutoka Zambia, na nahodha John Bocco. Kocha alikuwa Mbelgiji Patrick Aussems. Katika msimu wa 2018/19 Kagere alifunga mabao 23 ya ligi na kuwa mfungaji bora wa Tanzania Bara. Msimu uliofuata alifunga 22, akawa mfungaji bora tena. Misimu yote miwili Simba ilikuwa bingwa. Alikuwa na miaka 32 na kisha 33. Katika soka letu mshambuliaji akifika umri huo watu huanza utani kuhusu tarehe yake ya kuzaliwa na kumtafutia mrithi, na sina shaka utani huo aliusikia.

Alifungaje? Hakuwa mchezaji wa chenga. Ukimtazama dakika kumi bila mpira kumfikia, unaweza kudhani hayumo. Kazi yake ilikuwa ndani ya kumi na nane: kuegemea beki kwa bega, kuachana naye hatua moja kabla ya krosi, kugusa mara moja. Ni mbinu ya mtu anayejua mwili wake hauna mbio za kupoteza. Nadhani ndiyo iliyompa umri mrefu uwanjani, kwa kuwa winga anayetegemea kasi huisha mapema, lakini anayetegemea kujua mpira utaangukia wapi anaendelea kuwa na kazi. Akifunga alifunika jicho moja kwa kiganja, na watoto wa Gisenyi wanaofuatilia ligi ya Tanzania kwenye vibanda vya kuonyeshea mpira walianza kufanya hivyo kwenye viwanja vya vumbi, bila kujali kama walikuwa wanashabikia Simba au Yanga.

Ushahidi mkubwa zaidi ni Ligi ya Mabingwa Afrika ya 2018/19. Simba haikuwa imefika hatua ya makundi ya mashindano hayo tangu 2003. Januari 2019 iliifunga JS Saoura ya Algeria 3-0 Dar es Salaam. Okwi alifunga moja, Kagere mawili. Kisha yakaja maafa: 5-0 Kinshasa mbele ya AS Vita, 5-0 Misri mbele ya Al Ahly. Wengi waliifunga kesi. Siku kumi baada ya kipigo cha Misri, tarehe 12 Februari, Al Ahly walikuja Dar es Salaam. Kipindi cha pili Kagere alifunga, mechi ikaisha 1-0. Klabu yenye mataji mengi kuliko zote Afrika iliondoka bila pointi kwa bao la mtu ambaye miezi sita kabla yake alikuwa bado hatakiwi na nchi yake. Simba waliishinda pia AS Vita 2-1 mwezi Machi, wakaingia robo fainali, na huko TP Mazembe wakawatoa: 0-0 Dar, 4-1 Lubumbashi.

Nimeandika "miezi sita" kwa makusudi, kwa kuwa Rwanda ilimrudisha Septemba 2018. Kocha Vincent Mashami alikuwa amekabidhiwa timu, na mechi ya kwanza ilikuwa dhidi ya Kodivaa mjini Kigali, tarehe 9 Septemba, katika kufuzu Kombe la Mataifa la 2019. Tulifungwa 2-1. Bao letu pekee lilifungwa na Kagere. Mwanahistoria hapaswi kulifanya bao moja kuwa hukumu, lakini siwezi kuficha kwamba nikilisoma katika matokeo ya siku hiyo naona sera nzima ya 2014 ikijibiwa kwa mstari mmoja. Kilichobadilika kati ya 2014 na 2018 ni nini? Si mahali alipozaliwa. Si sheria ya uraia. Kilichobadilika ni kwamba hofu ya adhabu ilikuwa imepoa, na mabao yake Nairobi na Dar es Salaam yalikuwa yanasikika kila redio. Kwa maneno mengine, alirudi kwa kelele za klabu. Kundi lile tulimaliza mkiani tukiwa na pointi mbili tu.

Wapo watakaonipinga kwa kusema nchi ina haki ya kujenga timu kwa vijana wa nyumbani, na kwamba wachezaji wa kununuliwa huua vipaji vya akina Etincelles. Hoja hii ina uzito, na mtu wa Rubavu hawezi kuidharau. Timu mbili za mji wetu, Etincelles na Marines, zinagawana uwanja mmoja, na kijana wa hapa anastahili kuona njia ya kwenda Amavubi. Hata hivyo, angalia waliofika mbali. Niyonzima na Tuyisenge walikuzwa na ligi za jirani baada ya kutoka hapa. Ligi hizo ziliwapokea kama wageni, zikawalipa, zikawaimba. Ikiwa tunafurahi Dar es Salaam inapompokea Niyonzima wa Gisenyi, hoja ya kumkataa Kagere wa Kampala inahitaji sababu nzuri zaidi ya mahali alipozaliwa. Ugumu huu hauko kwetu tu. Januari 2025 Idara ya Uhamiaji ya Tanzania ilitangaza kuwapa uraia wachezaji watatu wa kigeni wa Singida Black Stars, na mjadala uliofuata, katika nchi ambayo haikubali mtu mzima awe na uraia wa nchi mbili, ulikuwa mkali kama ule wa kwetu wa 2014.

Miaka ya mwisho nitaipita haraka. Katika msimu wa 2020/21 Bocco alikuwa mfungaji bora kwa mabao 16, Chris Mugalu naye alikuwa amekuja, na Kagere alianza kutokea benchi mara nyingi zaidi. Msimu wa 2021/22 ubingwa ulikwenda Yanga. Mwaka 2022 aliondoka Simba na kujiunga na Singida Big Stars, timu iliyokuwa imepanda Ligi Kuu, na baadaye akachezea Namungo ya Ruangwa, mkoani Lindi. Hizi si klabu za kuandikwa kwenye fulana za watoto. Ni klabu za mikoani, zenye safari ndefu za basi na viwanja ambavyo nyasi zake hutegemea mvua. Kwangu sehemu hii ina thamani sawa na usiku wa Al Ahly, kwa sababu inaonyesha alikuwa mfanyakazi wa kazi hii mpaka mwisho. Karibu miaka 20 ya kusajiliwa, kuvunja mkataba, kusajiliwa tena, katika nchi zisizopungua nne.

Tatizo la kuiandika taaluma ya namna hii ni vyanzo. Hakuna jumba la kumbukumbu la Ligi Kuu ya Tanzania ambako ningeweza kwenda kuomba faili la Kagere, na takwimu za ligi ya Rwanda za miaka ya 2000 zimetawanyika katika magazeti na kumbukumbu za watu. Kinachohifadhiwa vizuri ni mechi za timu za taifa, kwa sababu CAF na FIFA huziandika. Matokeo yake ni kwamba historia yetu ya soka inaandikwa kwa bendera hata pale ambapo maisha ya wachezaji hayakwenda kwa bendera. Mtafiti akifungua orodha ya mechi za Rwanda ataona jina la Kagere, kisha halionekani kuanzia 2014, kisha linatokea tena Septemba 2018 na bao pembeni yake. Akitaka kujua mtu huyo alikuwa wapi, itambidi avuke kwenda kwenye orodha za Kenya, na huko atamkuta kila msimu, na nchi yake imeandikwa Rwanda.